Siku Gari la Watalii Lilipopinduka Mkondoni

Wapendwa, mniruhusu nishike hii meza wakati nazungumza. Si kwamba naumwa. Miguu yangu ina akili zake, na leo imeamua kutetemeka. Mama mchungaji amenipa masharti mawili: nisitaje jina la mtu, na nisirefushe. La kwanza nitalitii. La pili tutaona.

Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa foklifti kule kwenye maghala ya Mobeni. Mnaniona napita asubuhi na koti la manjano, mnasema, huyu mama hana woga, anabeba mzigo kama dume. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kuna mwaka hapa Durban nilikuwa siwezi kuoga. Mtu mzima, mama wa watoto, naogopa ndoo ya maji.

Bon. Nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa. Niliogelea ziwani kabla sijajua kusoma. Nilipofika huku nikajifunza kuendesha foklifti, nikapata kazi Mobeni, na siku moja rafiki mmoja akaniambia iko kampuni inatafuta madereva wanaojua Kifaransa. Ni hivi: zile meli kubwa za watalii zinazotoka bandarini hapa kwetu huenda mpaka visiwani huko juu, upande wa Msumbiji. Meli inatia nanga, abiria wanashushwa kwa boti, na wakifika ufukweni wanataka starehe. Kampuni yetu iliwapa starehe ya vigari. Vigari vya wazi, matairi manene, havina mlango wala kioo. Juu ya kichwa kuna mabomba ya chuma, na mkanda unakushika mabega yote mawili na kiuno. Unapanda navyo milima ya mchanga, unakata msitu, unavuka mikondo ya bahari, pale maji yanapoingia na kutoka, watu wanapiga kelele kwa furaha, wanarudi melini wamejaa tope mpaka masikioni.

Kazi ile niliipenda, siwadanganyi. Mimi ndiye nilikuwa mbele, magari mengine yananifuata, na kila mara niliketi na mgeni wa Kifaransa pembeni yangu nikimweleza huu mti ni nini, yule ndege ni nani. Kitu kimoja tu nilikuwa sikijui: bahari. Ziwa letu halijai na kupwa kila siku. Maji ya bahari yanaondoka, yanarudi, na yakirudi hayabishi hodi. Watu wa kisiwani ndio walinifundisha. Fundi wetu, mzee mmoja wa kulekule, alinionyesha mizizi ya mikoko na kuniambia, "Mizizi hii ikilowa mpaka hapa, usivuke. Rudi na wageni wako wakale samaki."

Siku yenyewe bahari ilichafuka asubuhi. Boti zikachelewa kushusha watu. Tulipoanza msafara, jua lilikuwa limeshapanda sana, na nilipofika kwenye mkondo nikaona mizizi imelowa. Nikasimama. Nikamwita bosi kwa redio.

"Maji yanarudi," nikasema. "Nigeuze?"

"Watu wamengoja asubuhi nzima," akanijibu. "Vuka sasa hivi, upesi upesi, mtarudi kwa njia ya juu. Sharp? Tumeelewana?"

Nikatazama maji. Yalikuwa ya magotini, yametulia. Pembeni yangu ameketi bibi mmoja Mfaransa, mjane, nywele nyeupe, amevaa miwani ya kuogelea kwa ajili ya vumbi. Akaniuliza, "Kuna shida?" Nikasema hapana. Nikawaambia wa nyuma wasubiri mpaka nifike ng'ambo. Nikaingia.

Tulifika katikati. Tairi la upande wangu likakosa chini. Sijui niwaelezeje. Ni kama unakanyaga ngazi ambayo haipo. Gari likalala, nikasema litasimama, halikusimama, likaendelea kugeuka mpaka mbingu ikawa chini.

Wapendwa, nilikuwa ninaning'inia kichwa chini, maji yamenifika kwenye nyusi. Kichwa chini, nyusi ndizo zinatangulia. Kisha macho. Nikapeleka mkono kwenye kifungo cha mkanda, nikabonyeza, hakikufunguka. Kimejaa mchanga. Nikabonyeza tena kwa mikono yote miwili. Maji yakaingia puani. Nikakunja shingo nikapata hewa kidogo, nikavuta mkanda kwa nguvu zangu zote, na jinsi nilivyovuta ndivyo ulivyozidi kunibana. Mnajua nilichowaza? Sikuwaza watoto. Sikuomba. Nilikuwa mnyama tu, mnyama ndani ya mtego. Hilo lilinitesa baadaye kuliko maji yenyewe, kwamba sikumkumbuka hata Mungu.

Halafu mkono ukanishika chini ya kichwa. Mkono mdogo, mkavu. Ni yule bibi. Mkanda wa kwake ulikuwa umefunguka, ameanguka ndani ya maji, amejigeuza, amepiga magoti kwenye tope na kuninyanyua uso. Akaniambia kwa Kifaransa, taratibu kabisa, kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Niangalie mimi. Usiangalie maji. Niangalie mimi." Na maji yanapanda. Kila yakipanda, ananisukuma juu kidogo. Sauti yake haibadiliki.

Nikasikia watu wanapiga kelele, nikasikia mtu anakimbia majini. Nikageuza macho. Ni fundi, anakuja na panga.

Ninyi mnaotoka kwetu mnaelewa. Mimi katika maisha yangu nimeshaona watu wakija na panga. Nilijificha, nilitembea, nilivuka mipaka ili nisione tena kitu hicho. Sasa nimefungwa, kichwa chini, na panga linakuja shingoni. Nilipiga ukelele ambao bado nausikia. Maskini yule mzee, alikuwa anakata mkanda. Aliukata begani, akaukata kiunoni, nikaanguka, wakaniburuta mpaka mchangani. Nilipona. Sikuvunjika hata kidole. Yule bibi aliketi pembeni yangu, akaomba namba yangu ya simu, kisha boti ikamchukua. Meli haisubiri mtu.

Watu hufikiri ushuhuda unaishia hapo. Alikuwa afe, hakufa, haleluya, twende nyumbani. Lakini kwangu hapo ndipo paliponiangusha.

Niliacha kazi ile, nikarudi Durban. Siku ya pili natoka mjini kununua vitu, napanda taxi, yale mabasi madogo, pale stendi ya Warwick, kiti cha mbele ndicho kilichobaki. Dereva ananiambia, "Sisi, ibhande," yaani dada, funga mkanda. Nikauvuta, ukagusa bega langu. Taxi yote iligeuka kichwa chini, naapa. Nilifungua mlango nikaruka, nusura nigongwe pale kwenye robot, zile taa za barabarani, nikaacha na viatu vya mtoto nilivyokuwa nimenunua. Nilirudi kwa miguu. Nikamwambia mume wangu foleni ilikuwa mbaya.

Baada ya hapo, woga ukaanza kuhamia vitu vingine. Maji ya bomba yakinigusa uso, pumzi inakata. Nikawa najipangusa kwa kitambaa kilicholowa. Shati la kola, siwezi. Mvua ikinyesha, nakaa kitandani nimeegemea ukuta, natazama mlango, nangoja maji yaingie chini yake. Jirani akiwa anakata nyama, nikisikia kisu kinagonga ubao, naingia chooni najifungia. Chakula kinaungua jikoni, watoto wanagonga mlango: "Mama, iko nini?" Nawajibu nina tumbo.

Nilikuwa najificha. Mnajua kwa nini? Kwa sababu siku moja nilijaribu kumweleza mtu, mtu mzuri tu, akacheka akasema, "Wewe ulipona vita, gari la kuchezea watalii ndilo likushinde?" Hakuwa na ubaya. Lakini neno lile liliingia, likakaa. Kweli, vita nilipona. Nilimbeba mwanangu mgongoni nikavuka usiku na mchana sikulia. Sasa nashindwa na ndoo. Nikaona basi, mimi ndiye nimeharibika. Wengine waliniombea, wakasema ni pepo wa bahari. Niliombewa, nikaanguka, nikainuka, nikarudi nyumbani, nikashindwa kuoga. Msinielewe vibaya. Maombi ni maombi. Lakini hata pale madhabahuni nilidanganya, nilisema nimefunguliwa, kwa sababu niliona aibu kusema bado.

Yule bibi Mfaransa alikuwa ananipigia simu. Sipokei. Nikiona namba ya ng'ambo, nafunika simu kwa mto. Sikutaka asikie kuwa yule dereva ambaye yeye alimnyanyua kichwa sasa ni mtu wa kujifungia chooni. Kichwani mwangu yeye alikuwa mwamba, bibi wa chuma.

Jumapili moja nimegoma kuja ibadani kwa sababu ya mvua, simu ikalia. Mume wangu akaipokea. Yeye anafanya kazi duka la simu, hawezi kuona simu inalia ikaachwa. Akaja chumbani ameinyoosha.

"Mama watoto, shika. Ni ule bibi wa kisiwani. Anasema hakati mpaka umjibu."

Nikashika. Nikasema, "Madame, samahani, nilikuwa na kazi nyingi."

Akasema, "Binti yangu, nikuulize kitu. Wewe unalala?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi silali," akasema. "Nalala na taa, kama mtoto. Sijaingia kwenye beseni la kuogea tangu nirudi. Wanangu wananiita shujaa mbele ya wageni, na mimi natabasamu. Lakini siku ile, pale majini, nilijikojolea. Niliogopa kiasi kwamba nilitaka kukuachia nikimbie. Nimekutafuta kwa sababu ni wewe peke yako duniani uliyekuwepo. Sina mwingine wa kumwambia."

Jamani. Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Mimi pia sioni maji, Madame." Nikamwambia habari ya taxi, ya kisu, ya chooni, yote. Yeye analia huko, mimi nalia huku, na mume wangu amesimama mlangoni hajui Kifaransa changu chote lakini anaelewa ya kutosha. Simu ilipokatika hakusema neno la Biblia, hakusema pole. Alisema, "Kumbe si foleni." Akakaa chini pamoja nami.

Yeye ndiye alinipeleka kliniki. Muuguzi mmoja Mzulu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Eish, mama, mwili wako bado uko ndani ya yale maji. Tutautoa kidogo kidogo." Akanipeleka kwa mtu wa ushauri. Tulianza na bakuli. Bakuli la uji, wapendwa, lenye maji. Nachovya vidole, naweka shavuni, napumua. Wiki nyingine shavu la pili. Watoto wangu walidhani ni mchezo, wakawa wanachovya na wao.

Mkanda ndio ulibaki. Kwa hilo namshukuru dada yetu mmoja aliyeketi humu ndani, simtaji, mume wake anatengeneza malori kule Clairwood. Siku ya Jumapili yadi iko tupu. Akanipeleka, akanikalisha ndani ya bakkie, ile pikapu ndogo, iliyozimwa, akaketi upande wa pili.

"Yaya, dada yangu, hatuendi mahali," akaniambia. "Ufunguo ninao mimi mfukoni. Funga ukitaka."

Nilifunga. Klik. Jasho likanitoka. Nikafungua, ukafunguka. Nikacheka kama mwehu. Nikafunga tena, na safari hii nikaogopa katikati, nikauvuta kwa nguvu, na mkanda ukakaza. Ndivyo ilivyo, ukiuvuta ghafla unakaza. Nikapiga yowe. Niliona maji, niliona panga, nikaanza kupiga mlango kwa kichwa. Dada yule hakunishika. Alijua nikishikwa nitazidi. Aliweka tu mkono wake juu ya kiti, mahali naweza kuuona, akasema, "Niko hapa. Legeza kwanza. Acha urudi wenyewe. Sasa bonyeza."

Nililegeza. Kulegeza ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani, kuliko kuvuka mipaka. Mkanda ukarudi. Nikabonyeza. Ukafunguka. Nikamtazama yule dada, machozi yanamtoka, naye akasema, "Tena?" Nikasema, "Tena."

Tulirudia mpaka jua likahama upande wa pili wa yadi. Jumapili iliyofuata aliwasha injini. Iliyofuata niliendesha mimi, kuzunguka malori, polepole kama jeneza, lakini niliendesha. Na ndipo Mobeni wakanipokea tena kwenye foklifti.

Sijapona kama mnavyopenda kusikia kwenye ushuhuda. Juzi imenyesha, nilikaa macho. Kisiwani sijarudi, na labda sitarudi. Lakini naoga. Naoga na uso wangu! Makofi kidogo kwa hilo, jamani. Asanteni.

Namshukuru yule fundi, mzee wa kisiwani, ambaye nilimpigia ukelele kama muuaji na yeye ananiokoa. Nilimtumia ujumbe wa sauti kumwomba radhi, akanijibu kwa kicheko, akaniambia mikoko inanisalimia. Namshukuru muuguzi. Namshukuru mume wangu, simama basi papa wakuone, anakataa. Namshukuru dada wa Clairwood. Na bibi yangu Mfaransa: tunapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada, tunaulizana tu, umeoga? Umelala?

Funzo langu ni dogo. Tafuta mtu mmoja umwambie unaogopa. Mmoja anatosha. Usingoje upate mtu jasiri, maana huenda huyo unayemwona jasiri analala na taa.

Na kama yupo humu ambaye kuna kitu kinamfungia chooni, sitamwita mbele. Najua hutakuja, mimi mwenyewe nisingekuja. Tukimaliza nitabaki nyuma nakunja viti. Usiseme kitu. Shika upande wa pili wa kiti, tukunje pamoja.