Meneja wa Igowole Amekataa Dagaa

Kwenye benchi la Benjamini muuza kahawa, pale Soweto, Mbeya, lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, birika lilikuwa limechemka mara mbili na ubishi mara tatu, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijagonga. Alikuwapo Zabron Mwasenga, fundi pikipiki, aitwaye Profesa kwa sababu neno "sijui" halijawahi kupita kinywani mwake. Alikuwapo Ndalahwa Masunga, mnunuzi wa mpunga kutoka Usangu, aitwaye Ng'ombe Mia, ingawa hakuna aliyewahi kuwahesabu ng'ombe hao. Na alikuwapo Mzee Asukile Mwambene, mpima ardhi mstaafu, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Huyu ndiye aliyekuwa na shida. Jumapili alitoka Igowole, Mufindi, na paka wa shemeji yake, Bi Faustina, dada wa marehemu mkewe. Bi Faustina alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa binti yake, na huko kuna mjukuu mwenye pumu, paka hatakiwi. Paka mwenyewe ana miaka kumi na mmoja na anaitwa Meneja, maana kwa Bi Faustina hakuna chungu kilichofunuliwa kabla yeye hajakikagua. Sasa ilikuwa Alhamisi, na tangu Jumapili Meneja yuko chini ya kitanda cha Mzee Asukile. Analamba maji kidogo, basi.

— Bado? aliuliza Profesa.

— Bado.

— Hata dagaa?

— Dagaa wako palepale. Wamekauka mara ya pili.

— Mzee, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nimeinama, Zabron. Nimeinama tangu Jumatatu. Goti la kushoto linaweza kutoa ushahidi.

Benchi zima likacheka. Mzee Asukile hakucheka. Kila jioni Bi Faustina alipiga simu kuuliza, "Meneja amekula?" na kila jioni yeye, mtu ambaye miaka thelathini na minne hakuwahi kusogeza jiwe la mpaka hata kwa inchi, alijibu, "Amekula, shemeji." Aliapa mbele ya mama yule kwamba paka atakaa na atakaa vizuri. Jumamosi mama anasafiri.

— Kwani ulifanya yote niliyokwambia? Profesa akauliza.

— Yote. Nimemleta ndani ya kiroba, asione njia. Mlangoni nimemzungusha mara tatu. Nyayo nimemsugua samli.

— Mara tatu kulia au kushoto?

— Hukusema upande.

— Daah! Profesa akajipiga paji la uso. Mzee, umemzungusha kushoto! Hapo umemfungua badala ya kumfunga. Kichwani mwake bado yuko Mufindi. Sisi tunamwona mvunguni, yeye anajiona shambani kwenye chai.

— Acha uongo wewe, Benjamini akadakia huku akisuuza vikombe. Shida ni hewa. Paka wa Igowole amezoea ukungu. Mtilie barafu kwenye beseni, mwekee pembeni.

— Paka na barafu? akauliza Profesa.

— Polepole ndio mwendo.

— Methali hiyo inahusiana vipi na barafu?

— Inayeyuka polepole.

Ng'ombe Mia, aliyekuwa akitafuna kashata kimya, akanyoosha miguu.

— Sikilizeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya ngapi? Ya tano. Jembe la paka ni panya. Mzee, nipe mimi. Ghala langu la Ubaruku panya wanatembea kifua mbele. Kesho nashuka na gari, namchukua.

— Meneja amebaki na meno manne, alisema Mzee Asukile.

— Atawatisha kwa cheo.

— Hapana.

— Mzee, unakonda kwa ajili ya paka. Watu tunakuonea huruma, ujue.

— Nimesema hapana, Ndalahwa. Hendi ghalani. Nimempokea mimi, atakaa kwangu mimi.

Akaliweka lile "mimi" la pili chini pamoja na kikombe. Profesa akameza fundo moja la kahawa.

— Basi apelekwe kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaanza tena. Aandikishwe. Mkazi asiyeandikishwa hana amani. Mimi nilipohamia hapa kutoka Tukuyu, wiki nzima sikupata usingizi, mjumbe alipoandika jina tu, nikalala kama gogo.

— Wewe ulikuwa unalala mchana, Benjamini akasema.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na ndoo ya parachichi kichwani. Akaitua kwa uangalifu, akajifuta jasho kwa upindo wa kitenge, akasalimia:

— Kamwene! Shikamooni wazee. Jamani, kahawa kikombe kimoja, nipumzike kabla sijafika sokoni Mwanjelwa.

— Kamwene, mama, akajibu Mzee Asukile, ambaye kwa ajili ya mkewe alikuwa amejifunza salamu hiyo ya kwao zamani. Unatoka wapi?

— Nyololo, baba, kule Mufindi. Naitwa Matilda. Naona mna kikao. Mgonjwa?

— Paka, alisema Ng'ombe Mia.

Wakamweleza, wale washauri watatu kwa pamoja, kiroba, kuzungushwa, samli, barafu, mjumbe. Matilda alisikiliza huku akipuliza kahawa yake. Walipomaliza akamgeukia Mzee Asukile peke yake.

— Baba, alikuja na kitu gani cha kwao?

— Shemeji alinipa khanga yake kuukuu. Alisema Meneja huilalia.

— Iko wapi?

— Iko kitini, nimeikunja. Ni khanga ya mama mtu mzima, ina manyoya na harufu ya moshi, sikuona vizuri kuiacha hivyo. Nikaifua.

— Kwa sabuni?

— Mara mbili. Nikaipiga na pasi.

Matilda akashusha kikombe. Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya:

— Umemtia kirobani, umemziba macho, umemzungusha akapata kizunguzungu, umempaka mafuta miguuni, na harufu ya mama yake umeitoa kwa sabuni. Sasa huyo paka atajuaje kwamba hakuibiwa?

Benjamini akaangalia birika. Ng'ombe Mia akaangalia kashata. Profesa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile ligongomelewe misumari, likatoka neno "sijui".

Mzee Asukile alitoa simu mfukoni, akavaa miwani, akalitafuta jina aliloliandika kwa ukamilifu: Faustina Kasian Mgimba. Alijua angeweza kwenda kupiga simu nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Lakini basi la kutoka Mafinga, linalobeba mizigo ya Mufindi, halimngoji mtu anayetafuta faragha, na kesho kutwa mama angekuwa Dar es Salaam. Akapiga palepale.

— Shemeji, shikamoo. Nina maneno mawili. La kwanza, Meneja hajala tangu Jumapili. Nilikudanganya siku nne, nisamehe.

Hata pikipiki za barabarani zilionekana kupunguza moto.

— La pili, shemeji... Akakohoa. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Naomba khanga uliyolalia jana. Uitume kwa basi leo. Usiifue, tafadhali. Wala usiianike.

Profesa akavuta pumzi ya kusema jambo. Ng'ombe Mia akamkanyaga mguu, akabaki ameukanyaga.

Sauti ya Bi Faustina ikasikika hadi kwenye ndoo ya parachichi:

— Basi la saa ngapi?