Injini Isifungwe kwa Mkono Mmoja

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka nizione nyuso zenu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki neno langu lipokewe nusu. Wewe mkubwa, kaa hapa upande wa dirisha. Wewe dada yake, kaa kitandani miguuni pangu, na usimpe kaka yako kisogo, angalau leo. Mama yenu ameshakaa kwenye kiti chake. Mungu aliyenipa pumzi ya kufika mchana huu ndiye anayejua kama itafika kesho, kwa hiyo niacheni niseme, msinikatize, na nikipotewa na neno nisubirini, nitalipata.

Asubuhi mlipomrudisha mama yenu kutoka hospitali nilikuwa macho. Nililisikia gari likiingia uani, hili letu mnaloliita Cherehani kwa kugongagonga kwake, na wewe mkubwa ukaja humu umejaa tabasamu, mikono ina oili bado, ukaniambia, "Baba, umesikia? Haigongi tena." Nikaitikia kwa kichwa, ukadhani nimefurahi. Sikufurahi, mwanangu. Niliingiwa na hofu.

Sikilizeni niwaambie sababu, ingawa mnaijua, kwani hasira imewasahaulisha mengi siku hizi. Injini ile ni ya petroli, silinda nne, ukubwa wake sii-sii elfu moja na mia nane, haina tabo wala chochote cha kuisukumia hewa. Inavuta kwa pumzi zake yenyewe, na ndiyo maana mlimani inakwenda pole pole na walio nyuma wanatupigia honi. Lakini haina makuu. Ukiibadilishia oili kabla haijawa kama lami, ukasafisha filta ya hewa, ukaiwekea plagi zinazoifaa, na usiruhusu maji ya rejeta yapungue hata mara moja, itakubeba mpaka uichoke wewe. Inachodai zaidi ya hapo ni tapeti zake, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke, zipimwe kwa mkono, injini ikiwa baridi kabisa, kila valvu iachiwe nafasi yake ndogo, na zile za kutolea moshi ziachiwe zaidi kidogo, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Ule mlio wa cherehani ndiyo nafasi yenyewe inayosikika. Ukizibana tapeti zikanyamaza, injini ikishapata moto valvu hazifungi sawasawa, moto unapenya, kingo zinaungua taratibu, wala hakuna taa ya dashibodi itakayokuambia. Utajua siku gari litakapoishiwa nguvu katikati ya mlima wa hospitali, mama yenu yumo ndani, na ni siku yake ya kusafishwa damu. Damu yake haingoji fundi atengeneze alichoharibu. Na keshokutwa ni siku yake tena.

Usiiname, mwanangu, sikulaumu. Wa kwanza kukosa ni mimi. Juzi homa iliponipanda nilisema tapeti zile zinanigonga kichwani, mtu azinyamazishe. Fundi mzima nikasema upuuzi kama ule, nami namwomba Mungu anisamehe ulimi wangu. Wewe ukalichukua neno la mgonjwa kama amri, jana ukashinda umeinamia boneti ili baba yako apate usingizi. Wagonjwa wengine huletewa machungwa. Mimi nimeletewa kimya. Nimeyaona mapenzi yako, nayapokea yote. Lakini nakuuliza, nani aliipitia kazi yako kabla hujafunga?

Hakuna. Najua.

Katika gereji hii, tangu hamjazaliwa, anayepima hafungi. Mmoja anapima, mwingine anapitia kila valvu upya, ndipo mfuniko wa injini unarudi. Siku ambazo sikuwa na msaidizi, mama yenu ndiye aliyekuwa akinipitia, wewe mkubwa ukiwa umelala mgongoni mwake, na si mara moja wala mbili alinikamata nimekosea, akaniambia palepale mbele ya mwenye gari. Nilinuna, ndiyo, kisha nikarudia kazi. Sasa tangu ilipokuja ile injini kuukuu ya tabo iliyolala gerejini kando ya ukuta chini ya turubai, ninyi wawili hamsemeshani. Spana mnaachiana juu ya meza, mtu akishaondoka ndipo mwenzake aje kuchukua. Salamu mnampa mama yenu awapelekee, utafikiri yeye ni posta. Kaka mtu anasema Cherehani imechoka, ing'olewe, tutie yenye nguvu ipande mlima kama mbuzi. Dada mtu anasema labda mumzike yeye kwanza. Nami niliwasikia siku ile mkifokeana, nikageukia ukutani nikajisingizia usingizi. Hilo nalo namkabidhi Mungu.

Tabo si dhambi. Ina nguvu, hilo kaka yako hakukosea, binti yangu. Lakini inafanya kazi kwenye joto kali, inataka oili safi kuliko hii yetu, na ile pale hatujui aliyekuwa nayo aliitendeaje. Kwa hiyo naamuru hivi: isiguse gari la mama yenu mpaka ninyi wawili muifungue pamoja, muione ndani, mkubaliane. Mkikubaliana, itieni, sitafufuka kuwazuia.

Nyumba hii ni ya mama yenu, na gari ni lake. Gereji na uwanja wake ni vyenu wawili, sawa kwa sawa, asiwepo wa kumwambia mwenzake toka. Vifaa vingine gawaneni wenyewe, ila viwili nagawa mimi. Binti yangu, chukua vile vibati vya kupimia nafasi ya tapeti. Mkubwa, chukua ile spana ya kupimia mkazo wa boliti. Msiazimane, na msinunue vingine. Hivyo mmoja hatakuwa na cha kupimia, na mwingine hatakuwa na cha kufungia. Cheka tu, binti yangu, ni ujanja wa mzee, nimekesha nao.

Yule fundi wa breki ng'ambo ya barabara, tumenuniana miaka mpaka nimesahau tulianzia wapi. Mpelekeeni jeki yangu ndogo, aliipenda siku zote. Mwambieni naomba radhi, na mimi nimemwachilia.

Nipeni maji. Kidogo... Inatosha.

Mkinizika, msichelewe kwa kungoja watu wa mbali. Na msisimame pale kusema nilikuwa fundi hodari. Semeni nilimwogopa Mungu, kama mtaweza kulisema bila kuona haya.

Leteni vichwa vyenu, wote wawili. Mungu awape mikono mitulivu na riziki isiyo na machozi ya mtu. Awalinde barabarani mnapompeleka mama yenu, awarudishe naye salama. Mmoja wenu akikosea, Mungu ampe mwenzake ujasiri wa kumwambia, naye ampe moyo wa kusikia. Nimewaridhia... nimewaridhia nyote.

Sasa nendeni. Injini imepoa tangu asubuhi. Fungueni mfuniko, pimeni upya, zote. Msikae hapa kunitazama. Nendeni wote wawili...

Mama watoto. Wametoka? Sogeza pazia, mimi shingo hainiruhusu... Hiyo ni boneti, nimeisikia. Nani ameshika taa? ... Mkubwa? Na dada yake anasemaje? ... Kwamba anamulika pembeni... Naye kaka anamjibuje? ... Eeh. Mabishano hayo.

Hapana, usiwaite. Waache wabishane... Liache dirisha wazi.