Nathaniel Luhende Anaondoka na Batani Zake

Tarehe 30 mwezi huu ndugu Nathaniel Luhende, karani wa mwalo wetu wa samaki hapa Ilemela, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita. Wenye vyeti walipoombwa kuandika wasifu wake, kila mmoja akapata udhuru. Kazi imerudi kwangu, Chenge wa ghala la barafu, darasa la nne la zamani, na limetosha.

Luhende alianza na daftari na filimbi. Mwaka 2009 ushirika ukamnunulia simu ya batani, kila herufi na batani yake. Tuliambiwa ni simu ya wakubwa, ina intaneti. Kweli ilikuwa nayo: picha ya sangara ilifunguka pale sangara mwenyewe alipoanza kunuka. Kioo kilikuwa kama stempu ya posta. Kigololo cha katikati, cha kuzungusha kwa gumba ili upande na kushuka kwenye kioo, kikajaa magamba, kikawa kinapanda tu. Luhende akitaka kushuka, anapanda mpaka juu kabisa ili atokezee chini.

Lakini haki yake tuipe. Mikono ikiwa na ute wa samaki, ninyi mabingwa wa simu za kupangusa mnapangusa wee, na simu haijui kama mpo. Yeye aliandika kwa gumba moja, macho yakiwa kwenye mizani, akiwaarifu manahodha wa visiwani kama barafu ipo au haipo. Chaji siku tatu. Ilianguka sana kwenye zege. Alama ziko kwenye zege.

Mwaka 2014 ilitumbukia ziwani. Akaiopoa, akaiwasha, ikawaka, akaianika kwenye chanja pamoja na dagaa, maana kwetu kila kilicholowa kinaanikwa hapo. Mama Winnie, mchuuzi wetu, akazoa dagaa, akazoa na simu, gunia likaenda Kisesa. Nani alipiga mpaka gunia likaita sokoni? Mimi. Wengine walikuwa wanatoa pole.

Sasa mwezi uliopita, wiki mbili kabla ya kumkabidhi kazi karani mpya, dada Sharon Otuoma, kioo kikafa. Giza. Namba za manahodha mia moja na arobaini zimo ndani ya simu, si kwenye laini, wala hazijaandikwa popote, kwa kuwa bwana mkubwa anaamini batani kuliko karatasi. Mafundi wa mjini wakasema kioo hicho hakipo tena duniani. Bila zile namba, mitumbwi ingekuja siku ghala ni tupu, na samaki wa watu wangeozea mchangani. Ofisini wakamcheka: “Mzee, hiyo izike tu, rambirambi tutaleta.”

Luhende akakaa juu ya kreti, akafumba macho, akaandika jina kwa gumba: Y, A, K, O, batani ya kijani. Ikaita.

“Yakobo? Mwezi ujao barafu unaulizia kwa Sharon. Shika namba yake, umbipu sasa hivi apate yako.”

Siku tatu, jina kwa jina. Hiyo simu yenu ya kupangusa ikifa kioo, inabaki kigae. Kosa alifanya moja, kwa sababu Jairo wapo wawili. Akampata Jairo fundi majeneza, akamwamuru mzigo wake wa mwezi ujao aulizie barafu kwa Sharon.

“Mzee wangu,” akajibiwa, “mzigo wangu ukinifikia, barafuni umeshatoka.”

Wakapatikana mia moja thelathini na wanane. Wawili hawakupokea. Luhende akapanda boti akawafuata visiwani, akirudi anasema simu haikushindwa, wameshindwa wao.

Leo asubuhi mitumbwi kumi na moja imetia nanga, barafu imeikuta, Sharon anapima. Hakuna hata nahodha mmoja aliyekuulizia, ndugu Luhende. Sifa kubwa kuliko hiyo karani hapewi, ingawa najua imekuuma.

Ushirika unakuzawadia simu ya kupangusa, kubwa kama sinia. Wamenituma niisifie, nimeshindwa. Asante kwa samaki wote ambao hawakuoza mikononi mwako. Nenda Buhongwa kwenye ng'ombe wako, ule, ulale, uzeeke taratibu, Mungu akupe afya. Simu mpya ikiita na gumba lako likagoma kuipokea, usihangaike: ni mimi, na niko njiani nakuja.