Vitunguu vya Bei ya Kutupa

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa akisinzia ndani ya basi, ugenini, aliposikia Kiswahili nyuma yake. Mama mmoja alikuwa akimtambia abiria mwenzake.

"Wauzaji wa gulio la huku ni laini mno. Nimembana mmoja mpaka kaniachia vitunguu kwa bei ya kutupa!"

"Mbona vidogo hivyo, dada?"

"Vya kienyeji hivyo! Leo wanangu watajilamba."

Muuguzi akageuka, akachungulia mfuko, usingizi ukamruka.

"Shikamoo, mama. Hivyo si vitunguu vya kula, ni vya kupandwa vichipue maua. Vina sumu."

"Kumbe unajua Kiswahili, na muda wote umetutegea sikio?"

"Mama, vina sumu!"

"Na umbea wako je?"

Basi likasimama. Mama akashuka amenuna, mfuko kaukumbatia. Muuguzi, ambaye kwake kulikuwa mbali bado, akashuka nyuma yake.