Risala kuhusu mlango wa Lalla Batoul, Derb Sqaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji. Mjumbe wetu wa mtaa, Si Lahcen. Majirani na watoto wetu: amani iwe juu yenu.

UKARIBISHO

Sisi wanawake wasokota sufu wa Derb Sqaya tunakukaribisha. Umekuja kutufungulia bomba la kichochoro chetu lililokauka miaka kumi na moja. Maji tumeyaonja, ni matamu, na tunakushukuru kwa dhati. Chai ya nanaa iko tayari na mikate ya msemen bado ni ya moto. Tunaomba tu utusikilize kabla ya adhana ya adhuhuri. Sababu utaijua hivi punde.

HISTORIA

Tulianza wanawake wanne, tukisokota juu ya paa la Lalla Batoul, mjane wa miaka sitini na tisa. Leo tuko kumi na tisa. Kwetu paa ni la wanawake. Huko tunaosha sufu na kuanika, tunakaa vichwa wazi. Mwanamume akitaka kupanda, hata akiwa fundi wa dishi, hupaza sauti kutoka chini, "Njia!" kisha husubiri aitikiwe. Na kila mlango wetu una pete mbili za kubishia: ndogo ya watu wa nyumbani, kubwa ya wageni. Ikilia kubwa, tunajifunika.

MAFANIKIO

Mwaka huu tumeuza mazulia ishirini na sita, na wasichana watatu wamerudi shule. Mengine tutakueleza siku nyingine.

CHANGAMOTO

Leo baada ya adhuhuri nyumba ya Lalla Batoul itafungwa kwa lakiri. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema mwenye nyumba alimkatalia mkaguzi wa majengo kuingia mara tatu.

Mgeni rasmi, ilikuwa hivi. Jumanne ya wiki mbili zilizopita Lalla Batoul alikuwa juu, nywele zimejaa hina, akasikia viatu nyuma yake. Wanaume wawili walikuwa wanavuka kutoka paa la jirani.

"Ukaguzi, mama. Usiogope."

"Ukaguzi ndio unatembea juu kama paka? Pete ya mlangoni ina miiba?"

"Tulikuwa kwa jirani, tukaona huku ni karibu."

"Karibu kwako. Kwangu hapo ulipokanyaga ni chumbani. Karatasi yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Mwenzake akacheka. "Bibi, nani atakutazama wewe?"

Lalla Batoul alishuka ngazi, hina ikimtiririkia machoni, akafunga mlango wa paa kwa komeo. Komeo lilimponyoka mara ya kwanza. Waligonga mlango huo huo wa paa mara tatu, wakaondoka. Hizo ndizo mara tatu zilizoandikwa.

Kwenye ubao wa ofisi yako kuna tangazo. Tulimwomba Si Lahcen atusomee mara mbili. Linasema mkaguzi hutanguliza taarifa siku saba kabla, yenye jina la mwenye nyumba, na huja na kitambulisho. Akikataliwa, huenda kwa hakimu kuomba kibali. Lalla Batoul hakuletewa taarifa, wala hakimu hakuulizwa.

Kuna jambo jingine, na baadhi yetu hawakutaka liandikwe. Nyumba ile ina ufa. Uko kwenye ukuta wa ngazi, vidole vinne vinaingia, na tangu majira ya mvua umefichwa nyuma ya zulia la bluu. Sisi ndio tuliomsaidia kulitundika. Tuliogopa. Mtu anayeingia kwa kuvuka paa, tulidhani, hakuja kutengeneza kitu. Jana asubuhi tulipokuwa tunabishana, Lalla Batoul aliweka sufu chini.

"Andika, binti. Nimechoka kulala nikiisikiliza dari."

"Watakutoa, Lalla."

"Wakinitoa, wanitoe kwa sababu ya ufa. Si kwa sababu nilikisitiri kichwa changu."

MAOMBI

Tunaomba lakiri isitiwe leo.

Tunaomba wakaguzi wafuate ubao wenu wenyewe: taarifa, kitambulisho, mlango, na wakikataliwa, hakimu. Awepo na mwanamke kati yao.

Nyumba ikionekana mbovu, iegemezwe kwanza kwa boriti, na mwenyewe apewe pa kukaa na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo tunaomba iandikwe.

Mgeni rasmi, nyumba nyingine sita za kichochoro hiki zina mazulia yaliyotundikwa mahali pasipohitaji zulia. Wenyewe wamesimama hapa. Wanangoja kuona utakavyoingia kwa Lalla Batoul.

Yeye hayupo nasi. Amekaa ndani, anaogopa akitoka hatarudi. Taarifa ya siku saba ameisamehe mwenyewe, kwa leo tu. Zulia la bluu ameshalishusha, amelitandika ukumbini ukalie. Mlango ni wa tatu kushoto. Tafadhali bisha kwa pete kubwa.

Mwenyezi Mungu akuingize kila nyumba kwa heri, na akutoe kwa heri.

Ni sisi,
Wanawake Wasokota Sufu wa Derb Sqaya