Majina ya Kule Shimoni

Benchi la Maman Godelive ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali, pale mtaa wa Kadutu, huko Kivu, mbele ya kinyozi Patrice. Hata hivyo kuna watu watatu wanaoukalia kila asubuhi kana kwamba wana hati yake. Wa kwanza ni Excellence, aliyekuwa karani wa ofisi moja iliyofungwa zamani. Ofisi imekwenda, kalamu imebaki mfukoni mwa shati. Wa pili ni Diesel, aliyeendesha lori la Uvira mpaka magoti yakamkatalia. Wa tatu anaitwa VAR, kama ile video ya waamuzi wa mpira, kwa kuwa hakuna neno linalompita asilirudishe nyuma na kulitazama upya. Thermos ni mbili, kahawa ni ya tangawizi, na maneno ni mengi kuliko kahawa. Jumapili, baada ya misa ya pili, Patrice aliwaonyesha kwenye televisheni yake filamu ya Ulaya ya zamani, ya mji wa wachimba makaa ya mawe. Leo ni Jumanne na bado wanaichana vipande.

— Ile filme iko bubeshi, uongo tupu, alianza Diesel. Makala inatoka mu pori, banaichoma, banaifunga mu gunia. Nani alishaona makala mu shimo?

— Ile iko makala ya mawe, alisema Excellence. Charbon! Miaka makumi mbili ku barabara, na barabara haikukufundisha kitu.

— Njia ya Sange ilinifundisha mashimo, papa. Mashimo tu. Ata moja haikukuwa na makala.

Walicheka. Maman Godelive hakucheka. Filamu ile aliitazama akiwa amesimama mlangoni kwa Patrice, kitambaa begani, na kitu kimoja hakijamtoka moyoni tangu siku hiyo. Pale mlangoni mwa mgodi kulikuwa na ubao wa misumari. Kila mchimbaji alipoingia alichukua kipande chake cha shaba chenye namba, na alipotoka jioni alikirudisha. Siku mgodi ulipoanguka, karani aliitazama misumari mitupu, akaandika, akasimama getini kwenye mvua akayasoma majina mbele ya wake na mama zao. Mwanamke mmoja alisikia la kwake, akakaa chini kwenye tope. Ni aibu kusema, lakini Maman Godelive alimwonea wivu. Alimwonea wivu kwa sababu alisomewa jina.

Mwanawe Sagesse aliondoka mwaka juzi kwenda kuchimba dhahabu kwenye mlima wa Karhundu. Aprili iliyopita mvua iliuangusha mlima ule. Tangu hapo Maman Godelive hajakalia mkeka wa matanga, na shemeji yake Cyprien amechoka kungoja: Jumamosi hii, anasema, ukoo utakaa, umlilie mtoto, yaishe. Maman Godelive amekataa, tena ana sababu yake. Kila aliyekwenda upande ule alimpa karatasi yenye jina kwa herufi kubwa, ZAGABE SAGESSE. Aliwapa madereva wawili, mama muuza chumvi na katekista. Wote walirudi na jibu moja: kule hakuna mtu wa jina hilo. Basi, kama hawamjui, hakuwahi kufika. Alipita njia nyingine, yuko mahali, anakula. Kwa jibu hilo Maman Godelive amekuwa akipata usingizi.

— Tuirudishe nyuma, alisema VAR. Juu ya nini ule karani alisoma majina? Munafikiri iko huruma? Kila mutu alishuka na taa ya kampani. Patron alikuwa anatafuta taa zake. Majina ilitoka tu kwa bahati.

— Na ba maman wale? alidakia Diesel. Balilia mu filme, kisha bakaenda kukula. Ba maman ya hapa banalia, kisha banaenda kutafuta chakula.

— Mumekosa bote mbili, alisema Excellence, akaishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. Bazungu balichoka kufa mu shimo. Balifanya mukutano na ma costume yao, bakaandika: kuanzia leo tunafunga mashimo yetu, zamu ya kufia chini tunaituma Kivu. Ile karatasi iko fasi fulani.

— Uliiona?

— Karatasi ya nguvu haionekane, VAR. Miye nilitumika mu bureau.

— Na misumari? aliuliza Maman Godelive.

Waligeuka wote. Si kawaida yake kuingia katika mabishano yao.

— Balituletea kufa, misumari na vile vipande bakaacha kwabo?

Excellence alikoroga kahawa iliyokwisha korogwa. Diesel ndiye aliyejibu, polepole:

— Ule fundi wa bati wa hapo chini anaweza kukata vipande mia moja mbele ya saa sita.

Hapo ndipo mgeni alipofika, mwanamume wa makamo aliyefunga buti zake za mpira pamoja na kuzining'iniza begani. Aliomba kahawa, akakaa mwishoni mwa ubao. VAR alimpekua kwa macho akamuuliza ametoka wapi.

— Karhundu, alisema mgeni. Lakini nimemaliza na ule mulima. Ninarudi kwetu Luvungi, nilime.

Maman Godelive alijipangusa mikono, akachomoa karatasi kifuani, ndani ya mfuko wake wa plastiki.

— Papa, huyu ulimuona?

Mgeni alisoma, akasoma tena.

— Zagabe Sagesse. Hapana, maman. Simujue.

Maman Godelive alivuta pumzi, na uso ukamfunguka.

— Munasikia? Na huyu pia hamujue. Jumamosi Cyprien atakaa mu matanga yake peke yake.

Lakini mgeni hakuirudisha karatasi.

— Hii iko jina ya nyumbani, maman. Kule balikuwa banamuita nani?

— Sagesse.

— Jina ya shimo. Kule hakuna mutu anashuka na jina ya ubatizo, udongo itaisikia, itamuita. Miye hapa niko Emile. Kule niko Caporal. Kuna batu tulikula sahani moja mwaka muzima, jina yabo ya nyumbani siijue. Mutoto wako balikuwa banamuita nani?

Maman Godelive aliwatazama watu wake watatu, mmoja mmoja. Alijua nani anapenda sukari na nani ana kidonda cha tumbo, na hakujua jina la hata mmoja ambalo lingeandikwa msalabani. Wale madereva na yule katekista hawakumdanganya. Waliuliza, wakajibiwa ukweli, na ukweli wenyewe haukumhusu mwanawe. Usingizi wote ule alikuwa ameulala bure.

— Tulitoa batu kumi na moja, alisema Emile, akikitazama kikombe. Tulibazika pale pale. Majina yabo ya kule ninayo yote.

— Maman, wacha... alianza Excellence.

— Aseme.

— Bazooka. Sans Souci. Mutoto wa Padri. Six Heures. Kinyonga. Dola. Petit Simba. Bon Courage. Radio. Mukubwa. Demain.

Sagesse alikuwa mtoto wa kuongea tangu anaota meno. Angeweza kuwa Radio. Aliamka mapema kuliko jogoo, kabla ya saa kumi na mbili, Six Heures. Kila kazi ya nyumbani aliisukuma hadi kesho, Demain. Kila jina lilimkaa mwanawe sawasawa, na hilo lilimuuma kuliko kama lingekuwa moja.

— Excellence, alisema. Andika.

Excellence alitoa kalamu, akaifungua, akaandika kwenye kiganja chake. Haikutoa kitu. Aliitikisa, akaipulizia, akajaribu tena, kisha akairudisha mfukoni bila kumtazama mtu.

— Basi rudilia ile majina, papa, Maman Godelive alimwambia mgeni. Polepole, niiweke mu kichwa. Jumamosi nitabalilia bote kumi na moja.