Mapatano ya Saa Mbili Asubuhi: Maisha ya Norman Waweru, 1966–2025

Norman Waweru alikuwa fundi wa mapazia wa vibanda vya Ngara, mume wa Ciru, baba wa Muthoni na Waweru, na ndugu mdogo wa Wahu, anayesoma maneno haya. Familia imekubaliana kwamba wasifu huu usifiche ugonjwa. Tumezoea kuandika "aliugua kwa muda mfupi", kisha watu wanakula, wanapanda magari na kurudi nyumbani na ugonjwa uo huo mwilini. Norman hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka kumi na minne, na katika hiyo, kumi na miwili alidhani anajitibu.

Lipo jambo la pili. Binti yake Muthoni, aliyeketi hapa mbele, ana ugonjwa wa babake, na tangu Jumamosi ameacha dawa. Amekasirika kwamba hili limechapishwa. Akasirike akiwa hai.

Norman alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, hapo Riruta, katika nyumba ya mbao iliyosimama mahali zilipo sasa nyumba za kupangisha. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Waweru, aliyefuga ng'ombe wawili na kuuza maziwa, na mkewe, ambaye jina lake ndilo alilopewa Muthoni. Mama huyo alifariki Agosti 2003. Asubuhi alisema kichwa ni kizito, adhuhuri mdomo ukaenda upande, jioni tukawa tumempoteza. Watu walisema amerogwa na jirani tuliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba. Tukaacha kumsalimia jirani huyo miaka mingi. Hakuna aliyetamka presha, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeenda kupimwa. Jirani ameshafariki pia, kwa hiyo hakuna wa kuombwa msamaha.

Alianza shule mwaka 1973 hapo hapo Riruta. Darasani alikuwa wa katikati, lakini mikono yake haikutulia. Akiwa darasa la nne alifumua upindo wa sketi ya shule ya dada yake ili aone umeshonwaje. Kuufumua alijua, kuurudisha hakujua, na dada yake alienda shule na pini kumi na moja. Alipochapwa alisema, "Sasa nimejua iko aje ndani." Alitoka kidato cha pili mwaka 1982, karo ilipokwisha, na hakulia.

Januari 1983 alipelekwa Ngara kwa Mzee Mwololo, fundi wa mapazia, ambaye kwa mwaka mzima hakumruhusu kugusa cherehani. Kazi yake ilikuwa kupima tu. Tangu hapo Norman alipima dirisha mara tatu, hata lile alilolipima mwaka uliopita, akisema nyumba nazo hukonda. Alifungua kibanda chake tarehe 2 Mei 1991. Kulia kwake alikuwa Kitavi, muuza zipu na vifungo, na kushoto Namalwa, muuza vitambaa vya kutia ndani ya pazia. Nyumba nyingi za mtaa wa Muthangari zilivaa kazi ya Norman, na wenyewe hawakumjua jina. Walimwita "fundi wa Ngara", na hilo lilimtosha.

Alimwoa Ciru tarehe 17 Desemba 1994, kanisani Riruta. Pazia la nyumba yao ya kwanza lilikuwa limeungwa kwa vipande sita vilivyobaki kwa wateja, na Ciru alipouliza kwa nini hakuna viwili vinavyofanana, alijibiwa, "Ndio ukichoka kuangalia moja uangalie ingine." Walijaliwa Muthoni mwaka 1997, na Waweru mwaka 2007. Kwa kuwa Muthoni alibeba jina la mama mzazi wa Norman, babake hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita Mami, hata alipomkemea.

Sasa ugonjwa.

Mwaka 2011, watu wa kupima bure walipoweka meza Ngara, Norman alipimwa presha ikasoma 168 kwa 104. Alipewa karatasi, akaenda kliniki, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alimeza wiki tatu, kisha akaacha, kwa sababu alijisikia mzima. Muuguzi alikuwa amemwambia presha haina maumivu na kwamba kujisikia mzima si kipimo. Norman, mtu wa kupima dirisha mara tatu, aliamini shingo yake. "Presha yangu naijua," alisema. "Ikipanda, inanigonga hapa kwa kisogo."

Wenye vibanda Ngara tuna desturi moja, na wageni waelezwe. Mteja akiuliza kitu usichonacho, humwambii hakuna. Unamwambia kaa kidogo, unanyoosha mkono kibanda cha jirani, unachukua, unauza, na mali ikifika unarudisha. Hivyo ndivyo mteja hapotei. Desturi hiyo imetulea. Kitavi ana presha. Namalwa ana sukari. Na kwenda kliniki hula siku nzima, kibanda kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo wakaanza kuazimana dawa jinsi walivyoazimana zipu.

"Kitavi, nisaidie na mbili, nitarudisha Alhamisi."

"Chukua hizi nyeupe. Hizi za manjano zinanipeleka choo kila saa, na leo niko na wateja."

Baadaye wakaona usumbufu wa nini. Wakatafuta mkebe wa biskuti, na kila aliyerudi kliniki alimwaga vidonge vyake humo. Ukiumwa kichwa unachukua viwili. Ukiwa mzima unaacha. Siku moja Namalwa aliuliza, "Wee fundi, hizo umechukua ni za sukari ama za presha?" Norman akamjibu, "Si zote ni za hospitali?" Wakacheka, na njia nzima ikacheka. Kitavi na Namalwa wako hapa leo, na wamekubali watajwe. Mkebe ulitoka kibanda cha sufuria cha dada yake, anayesoma haya. Aliutoa kwa mkono wake, akaona ni akili nzuri.

Tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, Norman alikuwa juu ya ngazi katika nyumba moja Muthangari, akipima dirisha la sebuleni. Alikuwa amemeza viwili kutoka mkebeni bila kunywa chai. Vilikuwa vya Namalwa. Mtu asiye na ugonjwa wa sukari akimeza dawa ya kuishusha, sukari yake inashuka hadi anazimika, na ndivyo alivyozimika. Kuanguka kulimvunja kifundo cha mkono tu. Hospitalini walimrudishia sukari kwa dripu, wakampima presha, wakakuta 214 kwa 126. Wakapima na damu. Daktari kijana alikuja na karatasi akauliza, "Mzee, umekuwa ukitumia dawa gani?"

Ciru akamletea mkebe. Daktari aliufungua, akavitenga vidonge kimoja kimoja. Mle ndani mlikuwa na dawa za aina tano. Kisha akaeleza, na tuliosikia tunaeleza wengine: kidonge huandikiwa mtu kwa mwili wake na vipimo vyake, cha jirani kinaweza kuwa sumu kwako hata kama ugonjwa mnauita jina moja, na presha isiyotulizwa hupiga mishipa midogo ya figo kimya kimya mpaka figo zife. Figo za Norman zilikuwa zimekufa.

Kuanzia Septemba 2023, kila Jumatatu na Alhamisi, alilazwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne ili isafishe damu ambayo figo hazikuweza tena kuisafisha. Alikatazwa chumvi, alipimiwa maji kwa kikombe, aliishi na kiu. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, kupata figo ya mtu. Dada yake alijitokeza, akapimwa, akakutwa na presha asiyoijua. Akarudishwa. Ciru akakutwa na kundi la damu lisilopatana. Waweru alikuwa bado mtoto wa shule. Akabaki Muthoni, mwalimu wa chekechea, umri miaka ishirini na saba, mwenye kundi la damu la babake na hamu yote ya kutoa.

Tarehe 9 Oktoba 2024 alipimwa mara tatu kwa siku moja, na siku ya pili tena. 158 kwa 100. 160 kwa 102. Daktari akafunga faili. Alisema huyu si wa kutoa figo, huyu ni wa kulinda zile alizo nazo. Muthoni alikaa kwenye benchi la nje akasema, "Niwekeni tu kwa karatasi kwamba ni mia na ishirini."

Kutoka siku hiyo nyumba hiyo ilikuwa mbaya kuingia. Norman alisema haendi tena mashine. "Nimechoka kufumuliwa na kushonwa kila wiki. Mimi si pazia." Muthoni naye alipewa dawa yake akaitia kwenye droo bila kuifungua. Alisema hana kinachomuuma, yeye ni mdogo, akianza hataacha. Maneno yale yale ya babake ya mwaka 2011, ila yametoka mdomo mwingine. Baba alimwomba kwa machozi. Binti alimwomba kwa machozi. Ciru alipika, hakuna aliyekula.

Tarehe 5 Januari 2025 dada ya Norman, ambaye Muthoni humwita Tata, yaani shangazi, alienda Riruta, akawakalisha mezani kama anavyokalisha watu wawili wanaogombania bei.

"Norman, wewe unataka nini kwa huyu?"

"Ameze dawa."

"Na wewe Muthoni?"

"Baba aende mashine, Tata. Hiyo tu."

"Sasa mnalilia nini? Kila mtu ameshika kile mwenzake anatafuta. Badilishaneni."

Walibishana saa nzima, kwa sababu ni watu wa ukoo mmoja. Muthoni alitaka ameze mara tatu kwa wiki. Norman akasema basi naye atalala kwenye mashine nusu saa. Mwisho wakapeana mikono: Norman haachi hata Jumatatu moja wala Alhamisi moja, na Muthoni hamezi kidogo, anameza kila siku, saa mbili kamili asubuhi, babake akiwa kwenye simu, kwani siku za kazi saa hiyo Muthoni huwa shuleni kwake.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi simu ililia.

"Mami, umemeza?"

"Nimemeza, Baba."

"Kunywa maji nisikie."

Naye alisikiliza maji yakishuka kooni, yeye ambaye hakuruhusiwa kunywa zaidi ya kikombe. Asubuhi moja alimwambia, "Hayo ni mate, Mami. Meza vizuri." Na kweli yalikuwa mate. Kufikia Aprili presha ya Muthoni ilisoma 126 kwa 80. Norman alibeba karatasi hiyo mfukoni akawaonyesha wauguzi wa mashine kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025 alienda mashine kama kawaida, ingawa miguu ilikuwa imevimba na alipumua kwa shida. Ciru alimsihi alazwe hospitalini, akakataa. Ijumaa tarehe 14, saa mbili, alipiga simu. Alisikia maji. Akasema, "Sawa, Mami. Sasa enda kwa watoto wako." Saa tano kasorobo alianguka karibu na cherehani, nyumbani Riruta, na hakufika hospitalini. Walisema ni moyo, ambao ulikuwa umepanuka kwa kusukuma damu dhidi ya presha miaka yote hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakutimiza nia yake ya kumshonea Muthoni mapazia ya nyumba yake mwenyewe, na kitambaa bado kimekunjwa rafuni.

Tangu Jumamosi simu haijalia, na Muthoni hajameza. Mamake amevihesabu vidonge kila asubuhi, ni vile vile. Jumatatu alipimwa nyumbani: 172 kwa 108. Anasema hana wa kumezea. Anasema mapatano yalikuwa ya watu wawili na mmoja ameondoka.

Dada ya marehemu amepatana bei Ngara miaka thelathini na minane, na anajua mapatano yanavyokwenda. Aliyetimiza upande wake haondoki na mapatano, anamwachia mwenzake deni. Norman hakukosa Jumatatu moja wala Alhamisi moja. Alienda akiwa hawezi kupanda ngazi. Alienda siku moja kabla ya kufa. Upande wake ameumaliza wote, na hakuna anayeweza kumrudishia Alhamisi hizo. Leo ni Alhamisi.

Kitavi na Namalwa siku hizi wana dawa zao, kila mtu na zake, zenye jina lake. Mikebe mingine ingali Ngara na kwingineko, na wenye nayo wako hapa. Muuguzi ameketi na kipimo karibu na mahema ya chakula. Ciru ameagiza kwamba asiyepimwa hapewi sahani, awe mzee wa kanisa, awe mkwe.

Marehemu amemwacha mjane wake Ciru, dada yake Wahu, mwanawe Waweru, majirani zake wawili wa kibanda, na binti yake Muthoni. Wahu hatasoma mstari unaofuata kabla jambo moja halijafanyika. Jeneza halitashushwa. Sote tuna siku nzima, na jua ni kali. Mamako ana kidonge mkononi, na chupa ya maji iko hapa, juu ya meza ya babako ya kukatia mapazia.

Mami, kunywa tusikie.

Norman, umesikia. Sasa lala, ndugu yangu, kazi yako imepimwa na imetosha.